Mwendo wa Kutoka na Mama Watoto

Fundi cherehani alikaa kwenye benchi la chumba cha vipimo, akimtazama mumewe. Mzee huyo, msambaza barua mstaafu, alikuwa amepita mara tatu juu ya zulia refu linalopima hatua, na kila alipopita, binti mpimaji alizidi kukunja uso mbele ya kompyuta.

"Babu, hatua zako ni fupi na za polepole mno. Utafiti huu ni wa wazee wenye afya. Itabidi nikuandikie barua umwone daktari."

Mzee akajikuna kisogo kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

"Mjukuu wangu, si ulisema nitembee kama siku zote? Huo ndio mwendo wa kutoka na mama watoto. Ninao mwingine."

Akarudi mwanzo wa zulia, akalipita kwa hatua ndefu, kifua mbele. Mpimaji akashusha pumzi, akacheka. "Babu, hizi ni hatua za mtu wa miaka hamsini!"

"Kumbe una miguu!" mkewe alimaka. "Tangu lini unajifunga breki?"

"Tangu ulipovunjika nyonga."

Ilikuwa imepita miaka ishirini na mitatu. Muda wote huo fundi aliwaambia rafiki zake kwamba ameolewa na kobe, na mumewe alicheka pamoja nao. Alitaka kumtania tena, lakini akamshika mkono.

"Ahsante, baba watoto," alisema hatimaye.

"Ya nini? Njia nzima tulikuwa tunapiga soga."