Matonge Matatu ya Kwanza

Baba mkwe wangu Protais alikataa samaki katika mji ambao, mwaka ule wa 1996, haukuwa na kitu kingine cha kula. Ukitoka kwetu Songo ukateremka hadi ziwani, ni ndagala kila upande: ndagala mbichi kwenye beseni, ndagala kavu kwenye magunia, ndagala zimeanikwa hata juu ya paa za watu. Maharagwe yetu yalikuwa yakitoka uwanda wa Ruzizi, na njia ya uwanda ilikuwa imefungwa na vita tangu Oktoba. Ng'ombe walikuwa wamekwisha. Wengine waliliwa na askari wa upande huu, wengine na wa upande ule. Zikabaki ndagala. Na yeye, mzee wa watu, kila nikiweka sahani mbele yake anaisukuma kwa kidole kimoja kana kwamba nimempakulia sabuni.

"Kintu yenye iko na damu, mama Olga, minye siikule tena."

Damu! Ndagala ni samaki wa urefu wa kidole, imekauka mpaka inavunjika. Damu iko wapi hapo? Lakini kwake ilikuwa damu. Samaki hapana, nyama hapana, hata yai la kuku wa jirani aliliangalia akatikisa kichwa.

Sababu yake niliijua, sikuwa mjinga. Walipokimbia kijiji chao cha upande wa Kamanyola, yeye na mama mkwe wangu Kankindi walijaribu kuvuka Ruzizi waingie Burundi. Risasi zikaanza wakiwa katikati ya mto. Kankindi alimponyoka mkononi, maji yakamchukua. Na Ruzizi, kila mtu anajua, inamwaga maji yake yote katika ziwa letu. Mzee akarudi ukingoni peke yake, akatembea siku nne hadi kwetu na furushi la mkewe kichwani. Ndani mlikuwa na kitenge, chungu kimoja, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa mdomoni. Kopo nilipolifungua nikakuta unga wa ndagala, ule tunaotilia mboga ladha. Nikaliweka kwenye rafu jikoni, na tangu siku hiyo nikawa nachota kijiko kimoja kimoja kwa ajili ya sombe la watoto, yale majani ya mhogo yaliyotwangwa.

Mara moja tu alinieleza. "Samaki ya hii ziwa ilikula batu," alisema. "Pengine ilikula Kankindi. Weye unataka minye nikule nini?"

Siku hiyo nilikwenda kulia nyuma ya nyumba. Lakini siku ya ishirini tangu aje nilikuwa nimeshamaliza machozi na nimebaki na hasira. Huruma ni kitu kizuri, lakini haipikiki. Mzee alikuwa anaishi kwa bugali na mchicha wetu wa lengalenga, mshipi wake ulikwisha matundu, akawa anaufunga fundo. Miguu ikaanza kuvimba. Nikamwita Basile, mwuguzi, naye akabonyeza mguu, shimo la kidole chake likabaki palepale.

"Mama, mzee iko anakosa ba protéine," akaniambia mlangoni kwa sauti ya chini. "Mwili yake inajikula yenyewe. Akiendelea hivi hatafika Bonane."

Bonane! Mwaka mpya ulikuwa umebakiza wiki nne. Na mume wangu Gaspard, aliyepanda mtumbwi kwenda Kigoma kututafutia pa kukaa, aliniachia neno moja tu: "Baba, umuangalie." Sikuwa na habari zake tangu aondoke. Nikajiona siku atakaporudi, ananiuliza baba yuko wapi, na mimi namwonyesha kaburi na kumwambia alikufa kwa njaa, samaki zimejaa mlangoni.

Basi jioni moja mzee mwenyewe akafungua mdomo.

"Kama ingekuwa uyoga, ningekula. Uyoga ya vile Kankindi alikuwa anapika."

Nikaruka. Uyoga hauna damu! Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani kupanda milima iliyo nyuma ya Songo, nikamkuta Pudentienne anateremka na kikapu chake. Huyu ni mwanamke wa milimani anayejua vichuguu vyote vinavyotoa uyoga na hamwambii mtu hata kimoja. Pesa alikataa, maana hakuna aliyejua pesa ya mwezi ule itakuwa na kazi mwezi ujao. Alitaka chumvi. Nikampa chumvi, na kwetu chumvi yenyewe ilikuwa inakaribia kwisha.

Sasa nikuambie kuhusu uyoga wa kichuguu. Udongo unang'ang'ania shina lake. Unakwangua kwa kisu, unaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maji hayo umeyabeba kutoka mtoni kwa kichwa chako. Unauchana kwa vidole. Unaubandika motoni bila maji, utoe maji yake wenyewe, kisha unatia chumvi na karanga ulizotwanga. Moshi wote huo, jasho lote hilo, na mimi uyoga siupendi! Unateleza mdomoni. Tangu nizaliwe siupendi.

Lakini kwa watu wa Protais kuna desturi: aliyepika uyoga ndiye anayekula matonge matatu ya kwanza, wenye nyumba wote wanamwangalia. Kuna uyoga unaoua, kwa hiyo mpishi lazima atangulie. Asipokula yeye, hakuna anayegusa. Nikala matonge matatu, nimefumba macho kama mtoto anayenyweshwa kinini. Mzee akanawa mikono, akamega, akachovya, akatafuna polepole. Tonge la pili. Halafu kidole kile kile kikasukuma sahani.

"Haiko ile," akasema.

"Haiko ile gani, baba?"

"Ya Kankindi. Ilikuwa na utamu ingine."

Mara ya pili nikazidisha karanga. Haiko ile. Mara ya tatu nikatia mawese. Haiko ile. Nikaenda mtaa wa Nyamianda, kwa miguu, kumtafuta Louise, mpwa wa marehemu aliyelelewa kwake, nimuulize shangazi yake alikuwa anatia nini. Louise akasema shangazi alikuwa hataki mtu jikoni akipika uyoga, hata yeye alikuwa anatumwa kuteka maji. Nikarudi mikono mitupu na njaa juu. Kila mara matonge matatu yangu, mawili yake, na sahani inasukumwa. Chumvi yangu ilikuwa inapanda milimani na Pudentienne, na mzee anazidi kukonda. Nilifika mahali nikimsikia anakohoa tu, ninasaga meno.

Mara ya nne nilipika nikisema peke yangu. Namwambia Kankindi, Mungu anisamehe, nikimsemesha mtu aliyekufa maji: mama, kwa nini hukumwachia mtu dawa yako? Ulikuwa unamficha nani? Nikaonja, uyoga umepooza, hauna hata maana. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye rafu kama unavyokwenda kila siku kwa sombe la watoto. Nikashusha kopo, nikalikung'utia lote chunguni, nikalisuuza kwa maji kidogo na hayo maji nikayamwagia humo humo. Nilipoliona kopo tupu mkononi ndipo nilipojua nilichokifanya.

Ningeumwaga? Uyoga wote ule, na chumvi ile? Sikuumwaga. Nikala matonge yangu matatu mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu uyoga ukanipendeza.

Mzee akamega. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Nikasema moyoni, nimekwisha.

"Ni hii," akasema.

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na mkono hauachi kwenda sahanini. Alikula wote. Akaomba wa chunguni. Akala na wa chunguni.

"Ulitia nini, mama Olga?"

"Karanga tu, baba."

"Mungu asifiwe," akasema. "Unaona? Kintu haina damu, na iko na nguvu vile. Kesho utanipikia tena."

Nililala vibaya. Nilikuwa nimemlisha mzee kitu alichoapa kutokula, na nikamwongopea juu yake. Lakini asubuhi alitoka kuota jua bila kushika ukuta, na mwanangu Olga akapiga makofi. Nikafanya uamuzi wangu. Nikaliosha kopo lile kwa majivu, nikatilia chumvi yangu iliyobaki, nikateremka sokoni, nikanunua ndagala mpya, nikazisaga kwenye jiwe nikiwa nimefunga mlango. Zilikuwa ndagala za juzi, za ziwa lile lile. Nikatia uyoga wa jana uliokuwa haujapikwa, karanga, na unga wa ndagala. Nikapakua.

"Kula, mama Olga," mzee akasema, ameshanawa, ameshakaa.

Nikamega tonge. Nikalichovya. Nikalileta hadi hapa, karibu na mdomo, na mkono ukagoma. Nilikuwa namwona mama mkwe wangu majini, mchana kweupe, sahani iko mbele yangu. Jana mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo kwa hasira, lakini leo nilikuwa nimekwenda, nimechagua, nimesaga. Nikalirudisha tonge.

"Nimeshiba, baba."

"Hakuna muntu anashiba kama hajakula." Sauti yake ilibadilika. "Kuna nini mu chungu?"

Ningelia, ingekuwa vizuri. Mimi nikapiga kelele.

"Ndagala! Iko ndagala mu chungu, baba! Leo na jana! Nimechoka! Kila siku haiko ile, haiko ile, na weye unakufa mbele ya macho yangu! Gaspard akirudi nimuambie nini? Minye pia nilimupenda mama! Lakini sijui kupika bila kintu!"

Mzee akainuka, akatoka, akasimama ameegemeza mikono miwili ukutani, kichwa chini. Nilidhani anatapika. Nilibaki nimekaa, tonge linanipoa vidoleni, ninaona haya na hasira bado haijaniisha.

Hakutapika. Alirudi akasimama mlangoni.

"Ya jana ulitoa wapi?"

"Mu kopo ya mama. Ile ya mu furushi."

"Nipe hiyo kopo."

Nikamletea. Akaligeuza mkononi, akapapasa mahali palipobonyea, akahesabu kwa vidole: mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi.

"Hii alijaza mu mwezi wa nane," akasema. "Ndagala nilimuletea minye mwenyewe, kutoka soko ya Kavimvira. Akaniambia iko ya sombe." Akakaa chini taratibu. "Mu mwezi wa nane Kankindi alikuwa pa jiwe yake, anasaga. Hizo samaki hazikumukula. Yeye ndiye alikuwa anazikula."

Halafu akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje kwetu. Alicheka mabega yanatikisika, machozi yanatoka.

"Huyu muke! Miaka makumi tatu ananitilia ndagala mu uyoga, na minye najisifu mbele ya batu, eti muke wangu anajua kupika uyoga! Miaka makumi tatu, mama Olga!"

Nami nikacheka, hasira ikaniachia kidogo. Ndipo akafuta macho na kitako cha kiganja, akaniuliza kwa upole, kama mtoto anayeomba kitu anachojua atapewa:

"Imebakia ngapi?"

Nikaangalia kopo mikononi mwake. Wiki sita nilikuwa nimechota bila hesabu, kwa sombe, kwa lengalenga la watoto, hata siku moja kwa mboga ya jirani. Na jana nimekung'uta na kusuuza.

"Haikubakia kintu, baba."

Akafungua kitambaa. Akaingiza pua ndani ya kopo, akavuta pumzi, akakaa hivyo muda mrefu. Humo mlikuwa na chumvi na harufu ya majivu niliyooshea. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alilifunga, akalifuta kwa shati lake, akanirudishia.

"Hii ya leo upe batoto," akasema, na kidole kikasukuma sahani. "Kesho uende kwa Pudentienne. Upike na karanga tu."

"Utakula, baba? Au nitapika bure tena?"

"Nitakula. Nitakula yote." Akafikiri kidogo. "Nitasema haiko ile. Weye usikasirike."

Kesho yake nikapanda mlima na chumvi ya mwisho. Nikakwangua, nikaosha mara tatu, nikachana, nikatwanga karanga. Nikala matonge matatu ya kwanza, ule utelezi wote. Mzee akanawa mikono, akala la kwanza, la pili, akapita pale alipokuwa anaishia kila siku, akaendelea kula mpaka akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Haiko ile," akasema.

Nikakasirika, nikamwongezea.