Bomba Lililokaa Upande

Mpwa wangu alinichorea chombo cha kutenganisha mafuta na maji, mfano wa faneli ndefu. Bomba la kuingizia alilichora upande, likigusa ukingo tu. Nikajua mtoto amekosea. Mimi ni mchomeleaji tangu nilipoacha shule, na bomba huingia katikati. Nilipokichomelea chombo, nikaliweka katikati.

Mwenye gereji akaja kukijaribu. Akikikataa, kazi ya kwanza ya mpwa wangu imekwisha. Tukawasha pampu, ikasukuma ndani maji ya gereji yenye mafuta. Yaliyotoka juu na yaliyotoka chini yote yalikuwa machafu.

"Mjomba, bomba langu umelifanyaje?"

"Nimelirekebisha."

"Umeniua! Yasipoingia kwa pembeni hayazunguki. Yakizunguka, maji yaliyo mazito yanakimbilia ukutani, mafuta yanabaki katikati."

"Mbona majani ya chai ni mazito, na ukikoroga yanakusanyika katikati ya kikombe?"

"Chai tuiache, Mjomba. Kata hilo bomba."

Nikalikata, nikalichomelea upande. Pampu ikanguruma. Juu yakatoka mafuta meusi, chini maji safi ya kunawa uso. Nikazima, nikaingiza mkono ndani. Hamna chujio, hamna chochote.

"Humo kuna nini?" mwenye gereji akauliza.

"Hamna kitu."

"Sasa kinachofanya kazi ni nini?"

"Muulize aliyekichora. Mimi nimekichomelea, na sielewi."

Akayatazama tena yale maji, akaguna. "Kileteni gereji kesho."

Mpwa wangu akanikumbatia na grisi yangu yote. Mimi bado nilikuwa nachungulia ndani.