Msamaha Uliokimbiwa

Gari la serikali lilipoanza kupanda kuelekea kijiji cha Tizi Umlil, blanketi jekundu lilikuwa limekwisha kutandazwa juu ya paa la kikongwe Yamna, na wanaume kumi na saba walikuwa wamelala kifudifudi kati ya mierezi, ng'ambo ya bonde, kila mmoja na kipande chake cha mkate wa shayiri. Walifanya hivyo bila haraka. Miaka arobaini ya mazoezi si mchezo.

Jioni iliyotangulia, mukadamu Azzuz, ambaye ni jicho la serikali kijijini na pia jicho la kijiji serikalini, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitoa tangazo alilopewa kwa simu: "Kesho inakuja gari. Wanaume wote wawepo." Hakuambiwa gari linaleta nini, naye hakuuliza. Maneno hayo yalijulikana. Kila mara serikali ilipotaka wanaume wawepo, ni kwa sababu ilikuwa na pingu za kutosha. Kwa hiyo wanaume, kwa heshima zote, hawakuwepo.

Haddu alilala karibu na binamu yake Bujmaa, kwa sababu Bujmaa alikuwa na macho. Haddu alikuwa nalo moja tu, na hilo nalo lilishaanza kuingia ukungu. La kushoto lilikwishazibwa na mtoto wa jicho, likawa jeupe kama maziwa ya mbuzi. Daktari aliyepita na kliniki ya magurudumu alimwambia kwamba upasuaji wake huchukua dakika ishirini, mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini hilo la kulia asilicheleweshe. Nenda hospitali ya mjini, alimwambia, na kitambulisho chako.

Kitambulisho cha Haddu kilikwisha muda wake zamani sana. Kipya hutolewa kituo cha polisi. Na kituo cha polisi kilikuwa na hati ya kumkamata Haddu, iliyotolewa miaka kumi na tisa nyuma baada ya jirani waliyegombana naye juu ya mfereji wa maji kuandika barua. Barua haikusema chochote juu ya maji. Ilisema Haddu analima bangi, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa Haddu, kwa jirani, na kwa karatasi yenyewe ya barua, maana ilinunuliwa kwa mavuno hayo hayo. Tangu siku hiyo Haddu hakuvuka daraja la chini, njia ya kwenda mjini.

"Blanketi bado?" aliuliza.

"Bado jekundu," alisema Bujmaa. "Gari limesimama nyumbani kwa mama mkwe wako. Ameshuka mtu mmoja. Ana mkoba."

"Askari?"

"Simwoni askari hata mmoja."

"Basi wamejificha."

"Ndivyo ninavyosema. Wakija na bunduki najua pa kukimbilia. Hawa wa mkoba ndio hatari."

Ni kweli kwamba vita vya serikali dhidi ya bangi katika milima ya Rif vilikwenda vizuri mno. Kila mwaka mashamba yalichomwa, na kila mwaka mashamba yalipanda mlima hatua chache zaidi, mpaka yakafika mahali ambapo mbuzi wenyewe walisitasita. Wafanyabiashara wakubwa walibanwa vikali, wakalazimika kujenga majumba yao mbali kabisa, kule yanakotazama bahari. Aliyefungwa ni mwenye mbuzi sita. Vijana wa Ulaya nao waliokolewa kwa namna ya kuridhisha: walikuwa wakivuta kwa siri, wakaendelea kuvuta kwa siri, ila kwa bei ya juu zaidi.

Halafu serikali ikagundua jambo. Kumbe mmea ule ni dawa. Unatuliza maumivu, unatoa mafuta ya kupaka uso, unaweza hata kutengenezwa matofali. Sheria mpya ikatoka: kulima ni ruhusa kwa leseni. Leseni inataka kitambulisho kipya na mtu asiye na doa. Kwa hiyo katika Tizi Umlil kilimo kikahalalishwa kwa kila mtu isipokuwa wale wanaokijua. Ushirika ulisajiliwa kwa wanachama kumi na mmoja wasafi: vikongwe tisa, mwalimu wa shule kutoka Meknes aliyekuwa hawezi kutofautisha bangi na nanaa, na mukadamu Azzuz. Mwenyekiti alikuwa Yamna, mama mkwe wa Haddu, mwenye umri wa miaka sabini na minane, goti moja bovu na ulimi mzima.

"Blanketi limeondolewa," alisema Bujmaa ghafla.

Haddu aliinua kichwa. "Gari limeondoka?"

"Halijaondoka. Liko pale pale. Sasa wanatandaza jeupe."

Jekundu maana yake kimbieni. Jeupe maana yake wameondoka, rudini. Jeupe huku gari likiwa bado limesimama mlangoni halikuwa na maana yoyote, maana katika miaka arobaini serikali haikuwahi kuleta kitu ambacho mtu angetaka kukirudia. Wanawake wa Tizi Umlil walikuwa na ishara ya hatari, ishara ya kuisha kwa hatari, hata ishara ya kuomba mkate zaidi. Ya kusema serikali imekuja na jambo la heri hawakuwa nayo. Nani angepoteza blanketi kwa kitu kama hicho?

"Wamewalazimisha," alisema Bujmaa. "Wamewaambia watandaze jeupe. Mtego wa wazi kabisa."

"Wanawake wanafanya nini?"

"Wanapunga mikono. Wote. Mama mkwe wako anapunga na fimbo."

"Loo," alisema Haddu. "Mambo ni mabaya."

Ikapigwa mbinja moja kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho, na wanaume kumi na saba wakapanda hadi ukingo wa juu. Kadiri wanawake walivyopunga, ndivyo wanaume walivyopanda. Mjane mmoja aliyeanza kuifuata njia ya mlimani alirudi baada ya hatua hamsini, kwa sababu kila mtu alijua kanuni: mtu akipanda njia, waliojificha huhamia mlima wa pili, maana huenda anafuatwa. Simu wote walikuwa wameziacha nyumbani. Simu huongea na serikali hata ikizimwa, ndivyo alivyosema mukadamu, na mukadamu alikuwa na ujuzi wa mambo hayo.

Chini, karani kutoka mji mkuu, kijana nadhifu aitwaye Anwar, alikuwa ameketi mezani kwa Yamna na bakuli la bisara, supu nzito ya maharage, ambalo hakuthubutu kuligusa, na orodha ya majina kumi na saba ambayo ilimpasa kurudi nayo ikiwa imetiwa sahihi kabla ya alasiri. Msamaha ulikuwa umetolewa kwa wakulima. Kilichobaki ni kila mwenye jina aje mwenyewe, atie alama ya kidole, apewe karatasi yenye muhuri. Asiyekuwepo angehesabiwa kuwa ameukataa.

Haya Haddu aliyajua baadaye. Wakati ule alijua tu kwamba jua limepita utosi na kwamba jicho lake zima linatoka machozi kwa mwanga.

Ndipo Yamna akaanza kuimba.

Wanawake wa Rif huimba beti kutoka paa hadi paa, na kutoka bonde hadi bonde, tangu zamani za mabibi zao. Beti ndizo walizotangazia harusi, ndizo walizotukania wakwe. Sauti ya Yamna ilikuwa nyembamba na kali, ikavuka bonde kama jiwe la kombeo:

*Haddu shuka mlimani, mkwe wangu wa ajabu,*
*ulisalimia punda, ukangojea jawabu.*

Kicheko kikapita kati ya mierezi kutoka mwanzo hadi mwisho. Haddu akahisi masikio yake yakiwaka moto. Jambo lile lilitokea mwezi uliopita, kando ya kisima. Alimwona mtu amesimama, akamtolea salamu kamili, akamuuliza habari za watoto, akasubiri. Lilijulikana kwa viumbe watatu tu: yeye, Yamna na punda. Yamna alikuwa ameapa kulifunga moyoni.

"Ni kweli?" aliuliza Bujmaa, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Ulimsalimia punda?"

"Sikiliza."

*Umefika msamaha, njoo kidole utie,*
*ukibaki huko juu, upofu ukufikie,*
*mwanangu ataolewa, nami nimshangilie.*

"Umesikia?" alisema Haddu. "Msamaha."

"Nimesikia. Hayo ndiyo waliyoyaandika wao."

"Na ya punda?"

"Ya punda ni yake. Ya msamaha ni yao. Wamemwambia: mama, changanya."

"Bujmaa, wewe unamjua Yamna. Mwaka ule walipomtia ndani siku mbili ili aseme tulipo, walimwachia wenyewe kwa sababu askari wawili waliomba uhamisho. Nani amlazimishe huyo kuimba?"

"Binadamu hubadilika akizeeka."

"Huyu anazidi kuwa yeye yule."

Bujmaa akavunja mkate wake vipande viwili, akampa kimoja. "Kaa, binamu. Wakiondoka tutashuka tumuulize. Kama ni msamaha, hauozi kwa siku moja."

"Kama si msamaha, nitafungwa na nusu jicho," alisema Haddu. "Na kama ni msamaha nikakaa hapa nawe, nitakuwa huru, kipofu, na nitasalimia kila punda wa mkoa huu mpaka nife. Nakwenda."

"Wakikukamata usitutaje."

"Nitakutaja wewe wa kwanza," alisema Haddu, akaanza kuteremka.

Aliteremka kwa kupapasa, kwa makalio palipokuwa na mteremko mkali, na alipofika uani kwa Yamna suruali yake ilikuwa imebaki na heshima kidogo sana. Mukadamu Azzuz akamlaki kwa mikono miwili, kana kwamba miaka kumi na tisa alikuwa akimtafuta kwa mapenzi.

"Karibu, shujaa," alisema Yamna. "Punda hajambo?"

"Mama, uliapa."

"Niliapa sitawaambia watu. Nimeuambia mlima."

Karani Anwar alisimama kwa adabu, akafuta kalamu. "Mzee Haddu, hongera. Kwanza kuna tamko, unatia kidole hapa. Nikusomee?"

"Nisomee, mwanangu. Jicho langu liko likizo."

"'Mimi nakiri kosa langu la kulima mmea uliokatazwa, na naahidi kwamba sitaulima tena maisha yangu yote.'"

Haddu akatia kidole. Karani akageuza ukurasa.

"Na hii ni ya kujiunga na ushirika, ukipenda. 'Mwombaji athibitishe kwamba ana uzoefu usiopungua miaka mitano katika kulima mmea huu.'"

"Mwanangu," alisema Yamna, "karatasi hizi mbili ziliandikwa nyumba moja?"

"Idara mbili tofauti, bibi."

"Wanaamkiana?"

Karani akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. Haddu akauliza hiyo miaka mitano ihesabiwe kuanzia lini, maana yote aliyokuwa nayo ni ile aliyokiri kwamba ni kosa. Karani akasema hiyo hiyo inafaa, kosa linahesabiwa kama uzoefu mradi limesamehewa. Haddu akatia kidole cha pili. Muhuri ukagongwa. Alipopewa karatasi aliileta hadi karibu na jicho la kulia, akaona weusi, akaona duara la muhuri, akaikunja na kuitia ndani ya shati, juu ya ngozi.

"Kitambulisho nitakipata lini?"

"Ukienda mjini leo, kituo hakijafungwa," alisema karani. "Lakini mimi naondoka sasa hivi, alasiri imefika. Nikupeleke? Hospitali iko njia hiyo hiyo."

"Na wale kumi na sita?"

"Nitaandika hawakutokea."

"Wako pale, mwanangu. Unaweza kuwahesabu ukitazama vizuri. Ngoja kidogo, nipande nikawaite."

"Kupanda na kushuka saa mbili, mzee. Kituo kinafungwa, na mimi nina amri."

Haddu akageukia mlima, ambao kwake ulikuwa doa la kijani lililolowa maji. Dakika ishirini, alisema yule daktari.

"Panda gari," alisema Yamna. "Hao nitawaimbia mpaka wachoke."

Akapanda, mbele, karibu na dereva, kwenye kiti ambacho tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu wa Tizi Umlil akikikalia bila pingu. Gari likaanza kuteremka. Hapo ndipo wazo likamjia, akateremsha kioo, akatoa mkono nje wote mpaka begani, akaupunga kwa nguvu kuelekea mlimani, kuwaonyesha kwamba yuko huru, kwamba yote ni kweli, kwamba washuke. Akaichomoa na ile karatasi, akaipunga pia.

Kutoka juu ikapigwa mbinja, kali na fupi. Halafu nyingine, mbali zaidi. Halafu nyingine, ng'ambo kabisa ya ukingo.

"Wanashangilia?" aliuliza karani Anwar, akitabasamu.

"Hapana," alisema Haddu. "Wameona mtu aliyeteremka akichukuliwa na gari la serikali huku akipunga mkono kuomba msaada. Wanahamia mlima wa pili."

Karani akageuka kutazama mlima. "Sielewi," alisema. "Safari hii tumekuja na heri. Kwa nini mnatukimbia?"

"Ni mafunzo mazuri tuliyopewa," alisema Haddu, "na walimu wetu walikuwa hodari."

Aliomba gari lisimame darajani, ajaribu tena kuwaita wenzake kabla ya kuvuka. Dereva akatazama saa, akatazama karani, na karani akatazama nje upande wa pili. Haddu hakuomba tena. Aliubonyeza ule msamaha kifuani kwa kiganja, akafumba jicho lililobaki ili lipumzike, na wakavuka.