Kinyozi na Vidonge vya Maji

Kinyozi yule alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Watu walikwenda kunyolewa hata nywele hazijaota, ilimradi wakacheke. Alikuwa amemlea mdogo wake wa kike tangu wazazi wao walipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na binti yuko darasa la tatu. Alimsuka kwa mikono ya kinyozi, yaani vibaya, akampeleka shule, akamsimamia mpaka akawa mfamasia wa hospitali kubwa. Alipofuzu, kaka mtu alibandika picha yake juu ya kioo, na kila aliyekaa kitini aliambiwa, atake asitake: "Huyo daktari wangu. Nimemtengeneza mwenyewe."

"Mimi si daktari, kaka. Ni mfamasia."

"Daktari anaandika, wewe unatoa. Sasa mwenye dawa nani?"

Kinyozi alipofikisha miaka hamsini na minane, moyo wake ukaanza kuchoka. Akawa anahema akipanda ngazi, na jioni miguu inavimba hadi ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hospitali wakamwambia moyo hausukumi damu sawasawa, na mafuta kwenye damu yamezidi. Akaandikiwa kidonge cha maji cha asubuhi na cha mafuta cha jioni, juu ya vile vya moyo wenyewe.

Aliyempa dawa dirishani alikuwa mdogo wake. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Akamwambia yale anayowaambia wote: hiki kinazifanya figo zitoe maji yaliyozidi mwilini, utakwenda haja ndogo mara nyingi, usishtuke, hiki kinapunguza mafuta ili mishipa isizibe, usiache hata kimoja. Aliyasema yote bila kukosea. Kaka akaitikia kama mgonjwa yeyote, akatia pakiti mfukoni, akampisha mama aliyekuwa nyuma yake.

Yaliyofuata, mfamasia alikuja kuyajua baadaye, mengine kwa wifi yake, mengine kwa kaka mwenyewe.

Choo cha pale dukani kwa kinyozi kilikuwa nyuma ya jengo, unapita maduka sita, na ufunguo ulikaa kwa fundi viatu. Wiki ya kwanza kinyozi alimwacha mwalimu mmoja na nusu ya ndevu, mara mbili kwa kunyoa kumoja. "Siku hizi tunanyolewa kwa awamu," wateja wakatania, na yeye akacheka kuwashinda. Lakini siku moja fundi viatu alikuwa ametoka kidogo na ufunguo wake. Kinyozi alirudi dukani amejifunga kiunoni kile kitambaa cha kufunikia wateja, akasema amemwagikiwa na maji ya sabuni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Na hilo la kutoulizwa ndilo lililomkata maini.

Kuanzia kesho yake akawa anameza kidonge cha maji Jumapili tu, siku ambayo hafungui. Kile cha mafuta nacho kilimletea maumivu ya mapaja, kama mtu aliyeshinda akipanda mlima. Akajiambia kwamba mtu anayekula kwa kusimama hawezi kumeza kitu kinachomkalisha. Akakiacha kabisa.

Hata hivyo aliuliza. Mchana mmoja alimpigia mdogo wake simu kazini.

"Daktari, nina mteja hapa. Anatumia hivyo vidonge vya maji, na kazi yake ni ya kusimama. Akiruka siku mbili tatu kuna ubaya?"

Mfamasia alikuwa anahesabu vidonge, simu ameibana begani. "Mwambie asiruke. Akamwone daktari wake."

"Na akiwa na ya mafuta, mapaja yanamuuma?"

"Kaka, nina foleni mpaka mlangoni. Mwambie aje hospitali."

"Haya mama, nitamwambia." Akacheka kidogo. Mfamasia ndiye aliyekata simu.

Miezi mitatu baadaye wifi yake akampigia asubuhi. Mumewe hawezi kulala chali, amekesha amekaa kitini akitafuta pumzi, na midomo imebadilika rangi. Walipomfikisha hospitali, mapafu yalikuwa yamejaa maji. Wifi alikuwa amebeba dawa zote kwenye mfuko wa plastiki. Mfamasia aliufungua pale kwenye benchi la korido. Juu ya pakiti kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *kimoja asubuhi*. Ndani, vidonge karibu vyote vilikuwa mahali pake. Akakaa na ule mfuko mapajani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hapakuwa na mteja.

Dawa ileile ya maji ikapitishwa kwenye mshipa. Siku ya tatu pumzi ilitulia, na kinyozi akaanza kuwachokoza manesi. Akajipapasa kidevu.

"Nimeota ndevu kama beberu. Ninyoe."

"Sijawahi kushika wembe, kaka."

"Na mimi nilikuwa sijawahi kushika mtoto. Lete maji."

Akamnyoa. Kaka alimwelekeza kwa jicho na kidole: vuta ngozi, fuata nywele zinavyolala, usiogope. Alipofika chini ya shavu, akausimamisha wembe.

"Kaka. Yule mteja uliyenipigia simu kwa ajili yake."

Kinyozi akatazama dirishani. "Alikuwa mtu wa aibu sana yule."

"Kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Nikuambie nini? Una foleni mpaka mlangoni, na mimi niseme kaka yako kajikojolea mbele za watu?"

Mfamasia akafuta sabuni kwenye wembe, akafuta tena pasipokuwa na sabuni. Ndipo akamwambia aliyopaswa kumwambia. Kwamba angekubaliana na daktari, kidonge cha maji kingesogezwa mpaka alasiri, akishafunga kazi. Kwamba maumivu yale ya mapaja yanajulikana, na daktari angeweza kupunguza dozi au kumbadilishia aina.

"Alasiri?"

"Alasiri."

"Kumbe ni hivyo tu." Hakusema kwa kulaumu, na afadhali angelaumu. "Basi nikitoka hapa nitameza alasiri. Malizia upande huu, usiniache kama yule mwalimu."

Hakutoka. Asubuhi ya siku ya tano, wifi akiwa anampozea chai, moyo ulisimama. Madaktari walihangaika naye karibu saa nzima.

Baada ya maziko, wanawake wale wawili walikaa chumbani kukunja nguo zake. Mfamasia hakuweza kulibeba lile jambo peke yake. Akasimulia habari ya simu, neno kwa neno.

Wifi alisimamisha mikono. "Alikuuliza wewe?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia una foleni."

"Ndiyo, wifi."

Wifi akakunja shati lililobaki, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kola. "Nenda nyumbani kwako," akasema, bila kumtazama.

Kwa miezi miwili wifi hakupokea simu yake. Mara mbili mfamasia alikwenda mpaka mlangoni, na mara zote mbili aliambiwa mwenyewe amepumzika. Kazini aliendelea kutoa dawa. Akianza kusema "utakwenda haja ndogo mara nyingi," alikuwa anaishia katikati na kuanza upya, na wagonjwa walidhani amechoka.

Siku moja, alipoinua kichwa aite anayefuata, akamwona wifi yake kwenye benchi la wagonjwa, amevaa nguo za msiba bado, ameshika karatasi. Alikuwa ameketi kusubiri zamu yake kama wengine, nyuma ya watu wanane. Alipofika dirishani akaipitisha karatasi bila salamu. Ilikuwa ya shinikizo la damu, na dawa ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa ya maji.

"Wamenipima, imepanda," akasema. "Mimi huwa natoka alfajiri kwenda kuuza sokoni, narudi saa saba. Sitaki kuambiwa haraka haraka."

Mfamasia akamwomba mwenzake ashike dirisha. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akaenda kuketi naye benchini, karatasi katikati yao. Akataka kusema pole, akataka kusema nisamehe.

"Sokoni kuna choo?" akauliza badala yake.

"Kipo. Kibovu."

"Kiko mbali na meza yako?"

Wifi akafikiri kidogo, akaanza kumweleza njia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ila sauti haikukatika, na mfamasia akasikiliza mpaka mwisho.