Pikapu Iliyokunywa Maji ya Ng'ombe

Pikapu ile ilikuwa inakunywa maji, tena bila haya. Mutunga aliinunua ili iwaletee ng'ombe wake maji kutoka mfereji wa Yatta, na sasa yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza kunyweshwa. Ukitoka Mwala na redieta imejaa, hujafika popote sindano ya joto imepanda. Unashuka, unamimina, unasogea kidogo, unashuka tena. Mwishowe ikakataa hata kutoka nje ya lango. Na zizini, ng'ombe watatu waliobaki walikuwa hawajaonja maji tangu juzi.

Msiniulize kwa nini hakuwauza mapema. Mkewe Syombua alimuuliza tangu mvua ya Novemba ilipokosa kuja. Alimuuliza asubuhi, akamuuliza akila, akamuuliza akivua viatu, mpaka akachoka. "Baba Kyalo, mwite Kimeu wa bucha achukue hawa ng'ombe wakiwa bado wako na nyama." Naye Mutunga: "Ng'ombe wa baba yangu hataenda bucha nikiwa hai." Majirani walipouza, aliwacheka. Si yeye alikuwa na pikapu, bwana! Halafu yule mwekundu alikuwa na mimba, karibu kuzaa. Nani mwenye akili anauza ng'ombe mwenye mimba?

Sasa kwenye bwawa la mchanga, lile linalohifadhi maji chini ya mchanga wa mto, watu walikuwa wamechimba mpaka mchimbaji akazama asionekane kichwa, wakapata tope. Vijana wa bodaboda waliobeba mitungi waliwapelekea kwanza wenye watoto wadogo, na ni haki yao. Pikapu isipopona, ng'ombe wanakufa. Mambo yalikuwa wazi hivyo.

Ugonjwa wenyewe ulionekana siku gari lilipokuwa bado linaweza kufika Machakos mjini. Fundi mmoja anaitwa Ayub aliingiza tochi nyuma ya injini, akaguna. Maji yalikuwa yanatorokea kwenye gasketi ya manifoldi, lile bomba la alumini lililokaa chini ya kabureta. Linapeleka hewa na petroli kwenye injini, na maji ya kupoza nayo yana njia yake humo humo. Gasketi mpya, hiyo karatasi ngumu ya kuziba kiungo, ilikosekana siku hiyo. Ilipopatikana, gari lilikuwa haliendi tena, basi Ayub akaituma pamoja na gundi ya silikoni kwa matatu mpaka Mwala na kupiga simu. "Mzee, utafungua mwenyewe. Ukikwama nipigie."

Wakafungua, yeye na Syombua, jua likiwa juu ya vichwa vyao. Mutunga aliinama kwenye injini na spana, Syombua akashika sufuria ya bolti. Kila bolti iliyotoka aliipanga kwa mahali pake ili zisichanganyike.

"Ungekuwa unaniinamia mimi hivyo," Syombua akasema, "saa hii tungekuwa na watoto kumi."

Mutunga akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo.

Manifoldi ilibanduka kwa shida. Gasketi ya zamani ilikuwa imeoza upande mmoja, laini kama ugali uliolala majini, na Mutunga akafurahi kabisa. Mwizi ndiye huyu! Akaziba matundu ya injini kwa vitambaa, akaanza kukwangua mabaki kwa kisu. Kisu kikazama. Pale maji yanapopitia, alumini yenyewe ilikuwa imejaa mashimo na unga mweupe, mfano wa jino bovu. Syombua akapiga picha kwa simu yake, akamtumia fundi.

Ayub akapiga papo hapo. "Mzee, umekuwa ukiweka maji gani kwa hii gari?"

Mutunga akaangalia upande wa shule. Kuna kisima pale chini ya shule, maji yake yana chumvi mpaka mbuzi akiyanusa anageuka. Hayo ndiyo aliyokuwa akiiwekea pikapu. Maji matamu yalikuwa ya watu na ng'ombe. Injini haina ulimi, itajuaje? Mwaka mzima hakuipa hata kikombe cha maji matamu, na alijisifia hilo. Syombua naye aliwasimulia wanawake wenzake kanisani jinsi mume wake alivyo na akili ya kubana maji.

"Ya chumvi," akasema.

"Aaa, mzee wangu. Chumvi imekula alumini yote. Hapo gasketi haina mahali pa kushika, hiyo manifoldi ni ya kutupa. Wacha nikutafutie nyingine Nairobi, nipe mpaka wiki ijayo."

"Ayub. Ng'ombe hawajakunywa tangu juzi."

Ayub akasema, pole pole, kama mtu asiyependa anachosema, "Basi jaza hayo mashimo silikoni. Weka gasketi, kaza ukianzia katikati ukienda pembeni. Halafu uiache mpaka asubuhi ikauke. Na tafadhali, mzee, maji matamu."

Mutunga akajaza, akatoa vitambaa, akaweka, akakaza. Maji matamu yalikuwa mtungi mmoja tu nyuma ya mlango wa jikoni, ya kunywa wao wawili. Syombua aliuleta bila kuambiwa.

Hapo ng'ombe wakanusa. Wakaanza kulia, sauti nzito isiyokatika, na yule mwekundu akaja kutia kichwa kwenye matawi ya miiba ya zizi, akiutazama mtungi. Mtungi mmoja kwa ng'ombe watatu ni kulowesha midomo tu. Ukiingia kwenye redieta, ungeweza kurudi na mapipa yaliyojaa. Syombua alijua hivyo, lakini alimpa ng'ombe mgongo asimwone.

"Asubuhi," Mutunga akasema. "Ayub amesema asubuhi."

"Na asubuhi wataamka? Washa tu, baba Kyalo. Mimi siwezi kulala nikisikia hii kitu."

Hata Mutunga hakuweza kuvumilia. Alikuwa amemsikia fundi kwa masikio yake mawili, na bado akamimina mtungi wote, akapanda, akawasha.

Injini ikaitika. Ikanguruma vizuri, sindano ikatulia. Mutunga akashuka, akapitisha mkono chini ya manifoldi. "Kavu! Mama Kyalo, ni kavu!" Syombua akapiga kigelegele. Mapipa yalikuwa yamefungwa nyuma tayari. Mutunga akaelekea langoni, na kwenye kale kamlima ka langoni akakanyaga mafuta.

Gari likakohoa. Moshi mweupe ukatoka nyuma ukafunika nyumba, injini ikatetemeka, ikazima. Alipowasha tena, kitu kiligonga ndani mara moja, kisha kimya. Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Silikoni ilikuwa imeachia kwa ndani, na maji ya mtungi wao yalikuwa yameingia tumboni mwa injini.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," Syombua akasema. "Ni mimi. Ni mimi nilisema uwashe."

"Mkono uliowasha ni wangu."

Alitaka kulia. Badala yake akaipiga pikapu teke, akaumia kidole, na pikapu wala haikujali. Akaweka beseni chini, akafungua maji yaliyobaki kwenye redieta ili aone kama kuna ya kuokoa. Yalitoka na kutu na oili juu yake. Bado anayatazama, miiba ikavunjika nyuma yake, na mwekundu akaja moja kwa moja, akatumbukiza mdomo beseni. Mutunga akamvuta sikio, akamsukuma shingo, akamtukana. Beseni likapinduka. Mwekundu akailamba ardhi, kisha miguu ya mbele ikakunjika, akalala kando ya gurudumu.

"Mpigie Kimeu," Mutunga akasema.

Na Syombua, aliyemwomba neno hilo tangu Novemba, akatikisa kichwa. "Hapana. Na hiyo mimba? Hapana, baba Kyalo."

Mutunga akachukua simu mkononi mwa mkewe, akapiga mwenyewe.

"Mutunga! Leo umekubali?" Kimeu alisema. "Lakini nikuambie ukweli, siku hizi sichukui ng'ombe amelala. Wako wote wanasimama?"

Mutunga alimtazama mwekundu. "Wanasimama."

"Basi niko njiani na lori. Nikifika niwakute wamesimama."

Mutunga akafuta mikono kwenye suruali. Akapiga magoti, akaingiza bega chini ya kifua cha ng'ombe. "Mama Kyalo, shika mkia."

Syombua akashika, machozi yakimdondoka. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakainua. Mwekundu hakuinuka. Wakahesabu tena.