Nusu ya Trudy

Kila vuli, kitabu kipya cha namba kilipofika, Lorraine Wisniewski na Trudy Kessler walikichinja. Hilo ndilo neno walilotumia wenyewe. Walikilaza juu ya meza ya jikoni kwa Lorraine, Trudy akashika kisu cha mkate, wakakipasua mgongo toka juu hadi chini, kila mmoja akabaki na nusu yake. Kwenye ofisi nyingine za mji wa Erie watu walikisoma kitabu chote, au walijidai wamekisoma. Hawa wawili waliona huko ni kujitesa bure wakati mtu una mwenzako.

Kazi yao ilikuwa kugeuza ripoti za madaktari wa picha kuwa namba. Daktari anaeleza alichokiona kwenye kifua au goti la mgonjwa, wao wanatafuta namba ya kipimo hicho, namba inapelekwa kampuni ya bima, bima inalipa. Ingekuwa kazi ya usingizi kama namba zingetulia. Lakini kila Januari zinabadilika: nyingine zinafutwa, nyingine zinazaliwa, nyingine mbili zinaunganishwa kuwa moja, na anayeng'ang'ania za mwaka jana anarudishiwa madai yake bila hata pole.

Lorraine alichukua sura ya picha zenyewe. Trudy alichukua sura ya upasuaji, maana siku hizi madaktari wa picha nao wanachoma sindano na kupitisha mirija, na namba za mambo hayo zimejificha huko. Desemba walikutana tena, wakala pai ya zabibu, kila mmoja akamsimulia mwenzake yaliyobadilika upande wake. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufungua nusu ya mwenziwe. Haikumpitia Lorraine kichwani hata mara moja kwamba angehitaji kufanya hivyo.

Mwaka huo, kitabu kikiwa kimeshachinjwa, meneja wao Bwana Fenwick aliwaita wote wawili. Alizunguka sana kwa maneno kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Mwishowe akasema kwamba baada ya majira ya baridi ofisi ingebaki na mtu mmoja wa namba, na kwamba mkaguzi kutoka nje angepima kazi yao ya Januari ili kuamua nani.

"Acha wapime," Trudy alisema kwenye maegesho, akipangusa theluji kwenye kioo cha gari lake. "Sisi tutawapa kazi safi wote wawili. Waumize vichwa wenyewe."

"Na wakinitoa mimi? Bima ya Walt inatokana na kazi yangu, shoga. Figo za mume wangu hazijui habari za wakaguzi."

"Hawakutoi. Nani mwingine anaijua ile sura yako? Mimi sijaigusa tangu Walt ana nywele."

Lorraine alicheka mpaka akalazimika kuegemea gari. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akamwambia Walt kwamba lolote litakalotokea, hatakuwa peke yake.

Desemba Trudy alikuja na pai yake. Lorraine alimweleza upande wake wote, hata mambo madogo ambayo mtu mwenye akili ya ushindani angejiwekea: kipimo cha matiti kilichobadilika, maelezo ya goti yaliyoongezwa, namba moja ya shingo iliyofutwa kimyakimya. Trudy aliandika, akakuna kichwa, akauliza tena. Kisha ikawa zamu yake.

"Na zile sindano za mapafu?" Lorraine aliuliza. Daktari wao mmoja alizichoma kila wiki, akitoa kipande cha pafu huku mashine ikimwonyesha njia. Siku zote zilitozwa kwa namba mbili, moja ya sindano na moja ya mashine.

"Ziko vilevile," Trudy alisema, akilamba uma. "Mwaka huu hawakuzigusa."

Kwa hiyo Lorraine aliandika namba mbili Januari yote. Ile ya mashine ilikuwa bado hai kwenye nusu yake, kwa sababu inatumika kwa mambo mengine pia, hivyo hapakuwa na kitu cha kumshtua. Februari Bwana Fenwick alimwita, akafunga mlango polepole, na Lorraine akajua.

"Sindano za mapafu, Bi Lorraine. Zote zimerudi. Zimeunganishwa, siku hizi ni namba moja tu."

"Basi za Trudy nazo zimerudi."

Meneja alitazama mezani. "Hapana. Yeye amepatia. Toka siku ya kwanza ya kazi."

Lorraine alimkuta Trudy kwenye chumba cha chai, amesimama mbele ya jiko la kupashia, akisubiri supu yake.

"Nilikuuliza habari za sindano," Lorraine alisema.

"Lorraine, nilikosea kusoma. Wallahi tena."

"Ulikosea kusoma, ukapatia kuandika?"

Jiko lililia kwamba supu iko tayari. Trudy hakulifungua. "Wewe una Walt," alisema hatimaye. "Wakinitoa mimi, narudi nyumbani kwa nani? Hii kazi ndiyo watu wangu."

"Mimi ndiye nilikuwa watu wako, mjinga wewe."

Uamuzi ulipotoka, aliyebakizwa alikuwa Trudy. Lorraine alikusanya vikombe vyake na picha ya Walt, akaondoka. Alilia garini, kilio kibaya cha hasira, cha mtu aliyeibiwa na aliyempa ufunguo mwenyewe. Baadaye alipata kazi jikoni kwenye shule ya msingi. Hakuipendea chakula wala watoto. Ilikuwa na bima. Mikono yake ilinuka vitunguu hata Jumapili, na Walt, kwa huruma yake, alijifanya hasikii harufu.

Vuli ilipofika, mlango ulibishwa. Trudy alikuwa amesimama kibarazani na kitabu kipya mikononi.

"Siwezi peke yangu," alisema. "Sura yako inanishinda. Nimeisoma mara tatu na bado sijui nimesoma nini. Nikikosea Januari hii, na mimi wananitoa."

Mtu mwingine angemfungia mlango. Lorraine alileta kisu cha mkate, akakipasua kitabu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza kazi ile ikampa raha ya kutisha. Alichukua nusu yake ya zamani. Aliisoma majuma mengi akirudi kutoka shuleni, na alipofika kwenye goti aliamua: hapo ndipo atakapomdanganya.

Desemba walikaa meza ileile. Lorraine alieleza, Trudy aliandika. Wakafika kwenye goti. Lorraine alifungua kinywa kusema uongo alioupika kwa majuma yote yale, na uongo ukagoma kutoka. Alimchukia Trudy kwa hilo pia.

"Goti liko vilevile," alisema. Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe.

Kalamu ya Trudy ilisimama. "Vilevile?"

"Hawakuligusa."

"Lorraine. Niambie kweli."

"Nimekwambia."

Trudy alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta. Kisha akarudi kwenye karatasi zake, akaweka alama ya kuuliza kwenye goti, akaweka nyingine kwenye shingo, na nyingine kwenye matiti, mpaka kila alichoandika jioni ile kikawa na alama. Akaomba apewe ile nusu. Lorraine alimkabidhi.

Walt alikuja jikoni akiburuta ndara, akachungulia dirishani. Gari la Trudy lilikuwa bado mbele ya nyumba, taa ya ndani inawaka.

"Umemwambia vizuri?"

"Yote. Kila neno."

"Mbona haondoki?"

Lorraine alisogea dirishani. Trudy alikuwa ameilaza nusu ile juu ya usukani, ameinamisha kichwa, anaisoma kuanzia ukurasa wa kwanza.