Boila la Tisa

Saa nne kasorobo asubuhi, fundi alilijaza maji boila lake la tisa, akakaza nati ya mwisho, akawasha taa ndogo ya spiriti chini yake. Lilikuwa la shaba nyekundu, dogo kama kopo la maziwa, la kuendeshea gari moshi la kuchezea la daktari mmoja wa meno. Mishono yake alikuwa ameilehemu kwa fedha, akaichovya kwenye asidi na kuisugua mpaka ikang'aa.

Mshale wa geji ya presha ulipanda taratibu. Ulipofika arobaini, valvu ya usalama ikafunguka, mvuke ukatoka, na kutoka ndani ya mvuke huo, mdogo wake fundi akasema:

"Kaka, umeshakunywa chai?"

"Bado," fundi akajibu, akaandika kwenye daftari kwamba valvu inafunguka panapotakiwa.

Mdogo wake alikufa miaka sita nyuma, boila kubwa la kiwanda cha sabuni lilipopasuka. Alikuwa mchochea moto. Ripoti ilisema alilala kazini. Mkewe na watoto walitolewa kwenye nyumba za kampuni wiki ile ile, machozi hayajakauka, na picha yake ikatundikwa kwenye geti la kiwanda, chini yake maandishi mekundu: USILALE KAZINI. Fundi akawapa wafiwa chumba cha uani. Watu walimsifu sana kwa utu wake.

Shemeji yake, yule mjane, aliingia na chupa ya chai, kama kila siku. Akaisikia ile sauti, akavuta kigoda, akaketi.

"Sauti imekuwa nyembamba, mwenzangu."

"Tundu lenyewe dogo," mvuke ukajibu. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa kashakupita urefu."

Valvu ikatoa mvuke tena.

"Mama watoto, mimi sikulala."

"Najua. Wewe hata kitandani usingizi ulikuwa unakupiga chenga."

"Valvu ilifungwa waya isifunguke. Nilipoona mshale umepita kiasi, nilikimbia kuufungua huo waya."

"Nani aliufunga?"

"Muulize kaka."

Fundi alikuwa anafuta meza isiyo na vumbi. Siku zile alikuwa fundi mitambo pale kiwandani.

"Ni mimi, shemeji," akasema. "Oda ilikuwa imechelewa, meneja akataka mvuke zaidi. Aliniambia nifunge, nikafunga. Halafu akaniletea karatasi ya kusema alilala. Nikatia saini."

Shemeji alimimina chai kikombe kimoja, akainywa yote.

"Vaa viatu," akasema.

Walilifunga boila kwenye taulo, wakalipeleka ofisi ya usalama kazini na kuliwasha juu ya kaunta. Karani aliwasikiliza marehemu na fundi mpaka maji yakaisha, kisha akafungua jalada.

"Poleni," akasema. "Kwa upande wa marehemu sina tatizo, anaeleweka vizuri. Tatizo ni wewe, fundi. Saini yako ya kwanza hii hapa, na jalada moja haliruhusiwi kuwa na maelezo mawili ya mtu mmoja."

"Basi yatoeni ya kwanza," shemeji akasema.

"Ya kwanza ndiyo yaliyofunga jalada, mama."

Akafuta unyevu kwenye kaunta, akamwita anayefuata.

Wakirudi walipita mbele ya kiwanda. Picha ilikuwa imewekewa kioo kipya.

Daktari wa meno alitengenezewa boila jingine, ambalo lilipiga mluzi tu. La tisa lilibaki mezani. Kila asubuhi shemeji huja kulijaza maji mwenyewe, akampa fundi mgongo, akazungumza na mumewe habari za watoto na za paa linalovuja. Fundi hasemeshwi, na chai haletewi tena. Watoto nao huaga kwa zamu kabla ya kwenda shule, kila mmoja akiinama kidogo ili asikike.

Siku moja shemeji alipotoka kwenda bombani, fundi alisogeza uso karibu na valvu, joto likamchoma shavu.

"Mdogo wangu, umenisamehe?"

Mvuke ukapungua kwenye valvu.

"Moto unapungua, kaka," sauti ikasema.

Fundi akapandisha utambi wa taa.